Uzi: Siku moja Gurye, Korea Kusini, siku ya gulio

Mleta uzi:

Wakuu, salaam. Nipo Gwangju kwa masomo, huu ni mwaka wangu wa pili. Kila anayepanga kuja Korea ananiuliza Seoul: alale wapi, apande treni gani, apige picha wapi. Sijawahi kuulizwa kuhusu Gurye, na ndiyo sehemu ya nchi hii ninayoipenda kuliko zote. Nitaandika kwa kirefu, mwenye chai yake aiweke karibu.

Gurye ni wilaya ndogo chini ya mlima Jirisan, mkoa wa Jeolla Kusini. Wilaya nzima watu hawafiki 30,000. Mto Seomjin unapita kando yake kwenda baharini. Mji wenyewe ukiutembea kwa mguu unaumaliza kabla jua halijawa kali. Kuna kituo cha mabasi kilichoezekwa vigae kama nyumba za kale, maduka ya pembejeo, zahanati, saluni ambazo wateja wake wote ni bibi, na soko.

Mara ya kwanza nilikwenda Jumapili, tarehe 20 Oktoba 2024. Nikakuta vibanda vimefunikwa turubai na mzee mmoja anafagia. Alinionyesha vidole vitatu, kisha vinane. Sikumwelewa, nikapanda basi nikarudi. Jioni bwenini rafiki yangu Mkorea ndiye aliyenifafanulia: gulio la Gurye huwa tarehe zinazoishia na 3 na 8. Yaani 3, 8, 13, 18, 23 na 28. Jumamosi wala Jumatatu hazihusiki. Wanaliita oiljang, o ni tano, il ni siku, jang ni soko.

Kwetu Lushoto gulio hufuata siku ya wiki, kwa hiyo hesabu ya tarehe ilinichanganya mwanzoni. Lakini ukishaielewa unaona akili iliyomo ndani yake. Tarehe 2 soko liko Hadong. Tarehe 3 Gurye. Tarehe 4 Namwon. Tarehe 5 liko Suncheon, lile wanaloliita soko la juu. Muuza viatu uliyemwona Gurye leo, kesho lori lake liko Namwon. Miji imegawana siku ili wasinyang'anyane wateja, na mfanyabiashara hakosi pa kwenda. Zama za wafalme wa Joseon mzunguko huu ulitembezwa kwa miguu na wachuuzi walioitwa bobusang: wengine wakibeba bidhaa nyepesi ndani ya furushi la kitambaa, wengine wakibeba vyungu, chumvi na samaki mgongoni kwa fremu ya mbao. Mwanzoni mwa karne ya 19 nchi nzima ilikuwa na masoko ya namna hii zaidi ya 1,000.

Basi nikarudi Jumamosi, tarehe 23 Novemba.

Basi kutoka Gwangju linachukua kama saa moja na nusu. Tulipoanza kuukaribia mji, kila kituo walipanda bibi wawili watatu, kila mmoja na mzigo: viazi vitamu, majani yaliyofungwa kwa uzi, mfuko wa pilipili kavu. Dereva aliwasubiri wote wakae ndipo aondoe gari. Hakuna aliyelalamika kuchelewa. Mimi nilikuwa kijana pekee ndani ya basi, nikajikuta nimepakatishwa kapu la figili na bibi ambaye wala hakuniomba. Aliniwekea tu mapajani.

Soko lina sehemu mbili, na ukitaka kulielewa usiishie ya kwanza. Ndani, chini ya mapaa ya vigae, kuna vibanda vya kudumu: samaki, nafaka, nguo, dawa za miti shamba. Huko kuna watu wenye mitaji. Nje, ukingoni mwa barabara, wamekaa wale bibi wa kwenye basi. Mmoja ana mafungu manne ya karafuu za kitunguu saumu alizozimenya mwenyewe. Mwingine ana maboga mawili. Mwingine ana maharage meusi yasiyojaza hata debe. Wamevaa suruali za maua maua na kofia za kuzuia jua, wamekalia vigoda vya plastiki, na mikono yao haitulii: wanamenya, wanachambua, wanafunga mafungu huku wanapiga soga.

Novemba ni msimu wa gimjang, yaani kutengeneza kimchi (kabichi na mboga zilizochachushwa kwa chumvi na pilipili) ya kuvukia majira ya baridi. Soko zima lilikuwa linaandaa kimchi. Kabichi za Kichina zimepangwa kama matofali. Figili ndefu kama mkono. Pilipili ya unga kwenye magunia ya nailoni ya uwazi, nyekundu mpaka unapiga chafya. Na mapipa ya uduvi na dagaa waliolowekwa chumvi wakachacha. Wa Tanga na Pemba mtaijua harufu hiyo. Mbele kidogo kuna samaki aina ya taa, anavundikwa mpaka anatoa ukali unaopanda puani ukatoka machozi. Wanamwita hongeo. Jeolla harusi au msiba bila hongeo watu watasema. Nilionja kipande kimoja, nikakimeza, na muuzaji akanipigia makofi.

Nafaka bado wanapima kwa doe, kisanduku cha mraba cha kama lita 1.8. Doe kumi ni mal moja, lita 18. Nilipoambiwa hivyo nilisimama pale nikakumbuka marehemu bibi yangu na debe lake la mahindi, kwa sababu ujazo ni karibu ule ule. Na kama kwetu, kipimo hakisawazishwi. Kinajazwa mpaka kinafanya kichuguu, halafu mkono unaongeza gao moja juu. Hiyo nyongeza wanaiita deom. Wakorea waliniambia dukani mjini siku hizi deom haipo tena. Gulioni usipopewa, mwenye mali ndiye anayeona aibu.

Kona moja ilinishika karibu saa nzima: mashine ya bisi. Ni pipa dogo la chuma cha kusubu linazungushwa juu ya moto. Bibi wanakuja na nafaka zao wenyewe kwenye makopo, mchele, mahindi, hata tambi kavu za mchele, wanayapanga makopo kwa foleni, wao wanakwenda kununua samaki. Kopo linakushikia nafasi. Mambo yakiiva, mwenye mashine anapiga kelele "Ppeong-iyo!", watu wanaziba masikio, anafungua kifuniko ndani ya kapu la waya, na mlio wake ni kama baruti. Moshi mweupe unatanda, halafu harufu tamu. Kopo moja la mchele limekuwa gunia la bisi. Wajukuu wapo Seoul na Busan. Bibi mmoja aliniambia anawatumia kwa posta.

Jirani yake kuna kinu cha mafuta ya ufuta. Pale pia unakuja na ufuta wako, unakaanga, unakamuliwa mbele ya macho yako. Bibi wanakaa benchi wamekodolea macho chupa. Hawaondoki mpaka tone la mwisho, kwa sababu wanataka mafuta ya ufuta wa shamba lao na si wa mtu mwingine.

Sasa niseme kuhusu bibi aliyenifanya niandike uzi huu. Alikuwa anauza matunda madogo mekundu yaliyokaushwa, yanaitwa sansuyu. Gurye, hasa tarafa ya Sandong, ndiyo kitovu chake. Machi miti yake inageuza vijiji vyote manjano, na mwaka 2014 kilimo hicho kiliingizwa kwenye orodha ya urithi muhimu wa kilimo wa taifa. Tunda lina kokwa ambayo lazima itolewe kabla ya kukausha. Leo kuna mashine. Zamani wanawake wa Sandong walitoa kokwa kwa meno, tunda kwa tunda, usiku kucha, majira yote ya baridi. Nilimuuliza kama ni kweli. Hakujibu kwa maneno. Alifungua mdomo akanionyesha meno yake ya mbele, yamelika mpaka yamekuwa mafupi kuliko ya pembeni. Kisha akasema watoto wake wanne wamesomeshwa na meno hayo.

Nilinunua mfuko. Akaongeza gao mbili.

Naendelea kwenye chapisho linalofuata, hili limekuwa refu.

Mchangiaji wa Kilifi:

Mkuu, endelea, tupo. Ila hilo la siku tano lisikushangaze sana. Huku kwetu Mijikenda wiki ya asili ina siku nne, na soko tunaliita chete. Wazee hawakuhesabu Jumatatu wala Ijumaa, walihesabu chete. Bibi yangu mpaka anafariki alikuwa anasema "nitakwenda chete mbili zijazo", nawe upige hesabu mwenyewe.

Mleta uzi:

Ndugu yangu wa Kilifi, ahsante sana, hili la siku nne sikulijua. Hata kwa hawa lazima upige hesabu, maana si kila mara ni siku tano: mwezi wa siku 31, kutoka tarehe 28 mpaka tarehe 3 ni siku sita, na Februari ya siku 28 ni siku tatu tu. Enzi za kalenda ya mwezi, yenye siku 29 au 30, tofauti ilikuwa ndogo. Kalenda ilibadilishwa, tarehe za soko zikabaki pale pale.

Niende kwenye chakula. Saa tano nilikuwa na njaa, nikaingia kibanda cha mama mmoja. Wateja wote wanamwita imo, na imo ni mama mdogo, ndugu wa mama. Hata mimi mgeni nilitakiwa kumwita hivyo. Nilikula patkalguksu: uji mzito wa maharage mekundu, ndani yake tambi nene zilizokatwa kwa kisu. Won 8,000, na bakuli sikuweza kulimaliza. Mezani kuna chumvi na sukari. Watu wa mikoa mingine wanatia chumvi. Watu wa Jeolla wanatia sukari, na wanatia kweli. Nilitia vijiko viwili, nikaonja, nikajiona niko futari nyumbani mbele ya tambi za nazi. Imo alipoona nimetia sukari bila kufundishwa akaniletea kimchi ya pili.

Pale mezani nilijifunza neno ambalo lazima niwape: geosigi. Ni neno linalohusishwa sana na watu wa Jeolla. Ukisahau jina la kitu, ukiona haya kulisema, au unajua mwenzako ameshaelewa, unasema geosigi. Mzee mmoja alimwambia imo, "Ile geosigi, nipe kwenye geosigi," na imo akaleta kachumbari ya figili kwenye kisahani. Wakuu, hiyo ni nanihii! Nanihii yetu kabisa, kwa matumizi yote.

Mchangiaji wa Zanzibar:

Kaka, nina swali la dhati. Sisi Waislamu huko gulioni tunakula nini? Nasikia nguruwe yumo kila mahali.

Mleta uzi:

Dada yangu, swali zuri, nami pia linanihusu. Supu zinazochemka kwenye masufuria makubwa nyingi ni za nguruwe, na kuna soseji ya damu inaitwa sundae ambayo kwa mbali inafanana na vitu vingine, kwa hiyo uliza kabla ya kukaa. Nyama ya kuchinjwa kwa utaratibu wetu mji mdogo kama huu usiitegemee. Lakini njaa huwezi kuipata. Kuna hayo maharage na tambi, lakini uulize kwanza kama maji yake yamechemshwa na nyama. Kuna samaki wa kuchoma, jibini ya soya inayotoka kwenye moto asubuhi hiyo hiyo, wali na mboga za Jirisan za aina nisizoweza kuzihesabu, viazi vitamu vya kuchoma, na persimoni zilizoiva mpaka unazila kwa kijiko. Chakula maarufu cha mtoni hapo ni daseulgi, konokono wadogo weusi wa Seomjin, mchuzi wake una rangi ya kijani. Hilo kila mtu na msimamo wake.

Mchangiaji wa Nairobi:

Na watu wanakuchukuliaje? Nimesoma mengi kuhusu Waafrika huko. Tueleze ukweli.

Mleta uzi:

Ukweli ni kwamba wanakuangalia. Mji huu hauoni wageni wengi wa rangi yetu. Bibi mmoja aliniuliza natokea wapi, nikasema Tanzania, akageuka akawatangazia wenzake wa mstari mzima. Mmoja alijua Kilimanjaro. Mwingine alinishika mkono akaukagua kisha akaniambia baridi inakuja, ninunue soksi, akanielekeza kwa muuza soksi. Jina langu hawakuliweza, wakaniita haksaeng, mwanafunzi, na nilipopita tena saa nane walikuwa wananiita hivyo kutoka mbali. Kuna siku mjini Gwangju nimeangaliwa kwa namna iliyoniuma. Gurye sikuumia.

Wala mimi si mgeni pekee. Kuna mama kijana wa Kivietnamu anauza giligilani na mboga za kwao, ameolewa kijijini, anaongea lahaja ya Jeolla kuliko rafiki yangu wa Gwangju. Wake wa namna yake na vibarua wa msimu kutoka Asia ya Kusini-Mashariki ndio wanaoshikilia vijiji vingi vya Korea sasa. Sababu ni hesabu tupu: mwaka 2023 wastani wa uzazi nchini ulikuwa watoto 0.72 kwa mwanamke, na Gurye zaidi ya theluthi moja ya wakazi wana miaka 65 au zaidi. Kwenye ule mstari wa barabarani sikuona muuzaji niliyeweza kumwita dada.

Mchangiaji wa Dodoma:

Sasa mkuu, soko kama hilo si litakufa na hao bibi?

Mleta uzi:

Nimelifikiria hilo sana, na siwezi kukudanganya kwamba hakuna hatari. Serikali inajaribu. Tangu 2009 kuna hati za manunuzi zinaitwa Onnuri, unazinunua kwa punguzo na zinatumika hasa masoko ya jadi, na vibanda vingi vya ndani vinazipokea. Bibi wa barabarani yeye ana namba ya akaunti imeandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi. Unatuma kwa simu, anakuamini.

Lakini kuna jambo ambalo lingeliua soko hili kabla ya uzee, na halikuliua. Tarehe 8 Agosti 2020, angalia tarehe vizuri, ilikuwa siku ya gulio. Mvua kubwa, bwawa la juu limefunguliwa maji, kingo za kijito cha Seosi zikapasuka, mji ukaingia majini na soko lote likazama. Muuza nafaka aliniinulia mkono juu ya kichwa chake kuonyesha maji yalipofika. Mchele, mashine, friji, vyote vilikwisha. Wakazi waliulaumu utaratibu wa kufungulia maji ya bwawa na wakadai fidia.

Ng'ombe wa vijiji vya jirani walielea na maji mpaka juu ya mapaa ya nyumba. Maji yaliposhuka wakabaki huko juu, wamesimama kwenye mabati. Walishushwa kwa kreni. Mmoja wao alikuwa na mimba, na baada ya kushushwa akazaa mapacha. Wengine kama kumi walipanda mlima Osan wenyewe, wakafika kwenye hekalu la Saseongam lililoshikamana na mwamba, karibu mita 500 juu, wakasimama uani mbele ya watawa. Ukiwa mtoni Gurye unaliona hekalu hilo kule juu. Mimi nimetoka kwenye wafugaji upande wa mama, nililitazama nikajaribu kuwaza ng'ombe wale wanapanda.

Watu wa soko walikausha, wakapaka rangi, wakarudi. Muuza nafaka alirudi. Alipokuwa ananieleza alikuwa anapima doe ya ulezi bila kuangalia mikono yake.

Mchangiaji wa Seoul:

Asante mkuu, mimi niko Seoul. Nifikeje, na nikimaliza soko nifanye nini?

Mleta uzi:

Kutoka kituo cha Yongsan panda treni ya KTX ya njia ya Jeolla, ushuke Guryegu. Ni kama saa mbili na nusu. Usishtuke ukiona kituo kina jina la Gurye lakini kiko ng'ambo ya mto, ndani ya mipaka ya Suncheon. Hiyo "gu" ya mwisho maana yake ni mlango. Ni mlango wa Gurye. Vuka mto kwa basi au teksi. Uwe sokoni kabla ya saa nne asubuhi. Saa nane mchana bibi wengi wanafunga mafurushi wawahi basi, na anayebaki anakuuzia kwa bei ya kutupa. Baada ya hapo kuna basi la kwenda Hwaeomsa, hekalu la zamani sana chini ya Jirisan, na tangu Mei 2023 kiingilio ni bure. Nenda. Mimi nilifika nimechoka nikakaa ngazini tu.

Mleta uzi:

Wakuu, nimerudi Gurye tena, Jumapili tarehe 8 Desemba. Baridi ilikuwa kali, mstari wa barabarani umepungua nusu. Nilikwenda moja kwa moja kwa bibi wa sansuyu. Nafasi yake ilikuwa tupu, pamewekwa kreti la plastiki limefunikwa kichwa chini.

Moyo ulinipasuka. Nikamuuliza jirani yake, yule wa vitunguu saumu, kwa Kikorea changu cha kuungaunga. Alinitazama usoni, akacheka, akanishika mkono. Bibi yupo nyumbani, akasema. Watoto wote wanne wamekuja kutengeneza kimchi, wamekuja na wakwe na wajukuu, na leo hana nafasi hata ya kunawa. Kreti ni la kumshikia mahali mpaka tarehe 13.

Chini ya kreti kulikuwa na mifuko mitatu ya sansuyu ameachiwa jirani auze. Nilichukua mmoja. Jirani akapokea hela, akaiweka kwenye mfuko wa peke yake mbali na hela yake, halafu akaingiza mkono kwenye mfuko wa pili wa bibi, akachota gao la nyongeza, akanitilia.